Tuige sheria ya nani? Utoaji mimba Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo

Mbunge wetu wa viti maalumu alikuja kwenye kikao cha wasaidizi wa kisheria, akatusikiliza karibu saa nzima, halafu akauliza: "Haya mama zangu, mnasema sheria ya utoaji mimba ina matatizo. Mnataka iwe kama ya nani?" Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na lake la kulalamikia, na hakuna aliyekuwa na sheria ya kumwonyesha. Nikapewa mimi kazi ya kuzitafuta na kuziweka pamoja ili kikundi kichague.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkunga kwa miaka 27, kwa hiyo sheria naisoma kwa swali moja: saa nane usiku, mgonjwa yuko mezani, karatasi hii inaniambia nifanye nini? Mwanasheria angeuliza mengine.

Nimechukua nne: yetu ya Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, sikuigusa), ya Kenya, ya Rwanda na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uganda niliisoma nikaiacha. Ibara ya 22 ya Katiba yao inasema uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa hauondolewi ila kama sheria imeruhusu, na Bunge halijatunga hiyo sheria ya kuruhusu. Wizara yao ya Afya ilitoa mwongozo mwaka 2015, nao ukasimamishwa. Hapo hakuna cha kuiga.

Tulipo sisi

Sheria yetu ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na vifungu vinavyohusika ni vitatu. Cha 150 kinamshika anayemtoa mwanamke mimba, miaka 14. Cha 151 kinamshika mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152 kinamshika aliyetoa dawa au kifaa huku akijua kinakwenda kufanya nini, miaka 3. Ukikisoma cha 150 taratibu utaona kinamtaja mwanamke awe ana mimba au hana. Kujaribu tu kwa nia hiyo kunatosha kukupeleka gerezani.

Pa kupumulia ni kifungu cha 230, ambacho hakitaji hata neno utoaji mimba. Kinasema mtu hana jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, ili kuokoa maisha ya mama, ikiwa kufanya hivyo ni jambo la busara kwa hali ya mgonjwa wakati ule. Neno lililotumika ni upasuaji. Vidonge havimo, maana kanuni hii ni ya mwaka 1930, ya Waingereza, na siku hizo vidonge vya kazi hiyo havikuwapo. Kuhusu aliyebakwa, kimya. Kuhusu mtoto wa miaka 13, kimya. Nilipokuwa kazini tuliambiwa kwamba lazima wasaini madaktari wawili, wengine wakasema watatu. Nimekitafuta kifungu hicho kwenye sheria nzima na sijakiona. Ni desturi iliyozaliwa na woga, tukairithishana wodini kama vile ni sheria.

Mwanasheria wa kikundi chetu alinikumbusha kesi ya Aleck Bourne, daktari wa London. Mwaka 1938 alishtakiwa kwa kumtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, akaachiwa. Jaji alisema kuokoa maisha ya mama si lazima awe anakata roho. Hata kumnusuru asivunjike kabisa mwili na akili kunahesabika. Kesi hiyo ni ya sheria ile ile mama iliyozaa ya kwetu, na wakili anaweza kuisimamia mahakamani. Sawa. Ila tabibu wa zahanati ya kijijini hataiona kesi ya London, na polisi atakayegonga mlango wake hataiuliza.

Kwa karatasi tu, basi, sheria yetu ndiyo kali kuliko zote nne. Je, imezuia? Watafiti wa ndani na nje walikadiria kwamba mwaka 2013 wanawake 405,000 wa Tanzania walitoa mimba, na kwamba 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Kenya, yenye sheria iliyolegea kidogo, ilikadiriwa kuwa na 464,690 mwaka 2012. Jiji la Kinshasa peke yake lilikadiriwa kuwa na 146,700 mwaka 2016, na wakati huo sheria ya Kongo ilikuwa bado inaadhibu kila hali. Sioni katika hesabu hizi mahali ambapo kifungo kimepunguza kitu. Ninachokiona ni wale wa kwetu ambao hawakufika hospitali.

Mgeni na mlango

Zote nne zimetia mkono kwenye karatasi moja, Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya haki za wanawake wa Afrika. Ibara yake ya 14, kifungu kidogo cha 2(c), inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu kwa aliyebakwa, aliyedhalilishwa kingono, aliyepata mimba ya maharimu, na pale mimba inapohatarisha afya ya mwili na akili ya mama, au maisha ya mama, au ya kijusi. Karatasi ni moja, ila kila nchi imeipokea kivyake, na tofauti zote nitakazozitaja zinaanzia hapo.

Kenya iliridhia mwaka 2010 ikasema hiyo ibara ya utoaji mimba haituhusu. Jambo la kusikitisha ni kwamba Katiba yao ya mwaka huo huo, ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa unakuwa sehemu ya sheria za Kenya moja kwa moja. Tanzania iliridhia mwaka 2007 bila kukataa kitu, lakini kwetu mkataba haufanyi kazi mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria, na halijautungia. Kenya imeacha mlango wazi ikamzuia mgeni barabarani. Sisi tumemwandikia mgeni karibu, tukafunga mlango kwa komeo.

Rwanda nayo ilianza kwa kuikataa ibara hiyo, kisha mwaka 2012 ikafuta kukataa kwake na ikabadilisha sheria ya jinai mwaka huo huo. Hiyo ndiyo njia ndefu, ya kupitia Bungeni.

Kongo ilifanya jambo ambalo sikulijua kabla ya kazi hii, na ndilo lililonifanya nikae mezani usiku kucha. Kanuni yao ya Adhabu, iliyorithiwa kwa Wabelgiji, inamfunga mwanamke miaka 5 hadi 10 na aliyemtoa mimba miaka 5 hadi 15. Haijafutwa. Lakini ibara ya 215 ya Katiba yao inasema mkataba ulioridhiwa ukishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali unakuwa juu ya sheria za nchi. Kongo iliridhia Itifaki miaka mingi nyuma, ikakaa tu kabatini. Mwezi Machi 2018 wakaichapisha gazetini. Mwezi Aprili, uongozi wa juu wa mahakama ukawaandikia waendesha mashtaka na mahakimu waraka wa kurasa chache: hali zilizotajwa na ibara ya 14 zisishtakiwe tena. Hakukuwa na kura Bungeni wala marekebisho ya Katiba. Kumbe nguvu yote ilikuwa imelala kwenye mashine ya kuchapia.

Sababu zinazokubalika

Hapa nitapita haraka, maana watu wanabishana sana juu ya orodha na kusahau mambo yanayofuata baada ya orodha.

Tanzania inaruhusu kwa maisha ya mama tu. Kenya, ibara ya 26(4): hairuhusiwi ila kama kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Ubakaji hautajwi kwa jina, ila Mahakama Kuu ilisema mwaka 2019 kwamba aliyebakwa anaingia pale mhudumu anapoona afya yake, na ya akili ikiwemo, iko hatarini. Rwanda, sheria namba 68 ya 2018, inataja wazi: mwenye mimba ni mtoto, yaani hajafika miaka 18, amebakwa, amelazimishwa kuishi na mtu kama mke, mimba ya maharimu mpaka ngazi ya pili ya undugu, au mimba inahatarisha afya yake au ya kijusi. Kongo ni orodha ya Maputo kama ilivyo.

Orodha ya Rwanda ndiyo pekee inayomtaja mtoto kwa kuwa ni mtoto. Nimezalisha watoto wa miaka 13 na 14, na najua nyonga ya umri huo ilivyo. Kwangu neno hilo moja lina uzito kuliko mengine yote katika orodha. Na Rwanda imeongeza jambo lingine: mtoto akitaka na wazazi wakakataa, au wao kwa wao wasipoelewana, matakwa ya mtoto ndiyo yanayosimama.

Nani aseme ndiyo

Kenya imewazidi wote hapa. Katiba inasema mhudumu wa afya aliyefunzwa, na Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba ni mwenye mafunzo ya daktari, muuguzi, mkunga au tabibu. Wanaoijua nchi yetu wanajua maana ya hilo. Kuna wilaya ambazo daktari ni mmoja na siku mbili kwa wiki yuko semina. Muuguzi yupo kila usiku.

Rwanda katika agizo la Waziri la mwaka 2019 walisema afanye daktari, katika kituo kilichosajiliwa, mimba isizidi wiki 22. Hapo walikuwa wagumu. Na wana tatizo ambalo litatukuta na sisi tukifuata njia yao: hospitali na vituo vingi ni vya Kanisa Katoliki, navyo havitoi huduma hiyo. Sisi tuna hospitali teule za misheni zilizobeba wilaya nzima. Sheria yoyote tutakayoiandika lazima iseme mgonjwa atapelekwa wapi, kwa gari la nani, kama aliyepo zamu dhamiri yake inakataa. Sitaki muuguzi alazimishwe kinyume cha imani yake, wala sitaki mgonjwa aachwe kwenye benchi.

Wenzangu Waislamu kwenye kikundi wana hoja yao pia, na imenifundisha. Mafakihi hawana kauli moja juu ya kipindi cha kabla ya siku 120, wako wanaoruhusu kwa udhuru na wako wanaokataza kabisa. Baada ya hapo hakuna ruhusa ila kuokoa uhai wa mama. Mwenzetu mmoja wa Ujiji alisema, "Sheria ikiandikwa wiki bila kutuuliza, masheikh wataisikia redioni kama watu baki." Ana haki.

Ushahidi

Naomba nikae hapa.

Ilikuwa masika, mvua imeshika tangu jioni. Bodaboda ilifika mlangoni imebeba watu watatu, dereva mbele, dada mkubwa nyuma, na katikati yao binti ameegemezwa kama gunia, amevalishwa koti la mvua la dereva. Nilipomvua koti niliona amefungwa khanga mbili kiunoni, moja juu ya nyingine, na ya juu nayo imeshalowa damu. Mapigo yalikuwa mepesi, vidole vya baridi.

"Shikamoo mama," akasema. Amelala hajiwezi na bado ananiamkia.

"Marahaba mwanangu. Imeanza lini?"

Dada yake akadakia: "Ameteleza bafuni."

Tabibu wa zamu, kijana mzuri tu, akasimama mlangoni na swali lake: PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iko wapi? Nikamwambia mgonjwa huyu hakugongwa na gari. Akasema, mama, kama ni ya kutoa, kesho polisi wakija nitasema nini? Hakuwa na ubaya, alikuwa anaogopa. Tulibishana tukiwa tumesimama, dripu bado haijatundikwa, labda kwa dakika tano, na dakika hizo sijazisahau. Mwishowe tulimsafisha kizazi kwa pampu ya mkono, akaongezwa damu, akapona. Kumekucha ndipo aliponiambia aliyembaka na kumpa mimba ni mume wa huyo huyo dada aliyemleta. Nyumbani walikuwa wamemwambia hospitali wanaita polisi, kwa hiyo alivuja tangu saa saba mchana.

Sasa chukua sheria zote nne, uzilaze mbele ya binti huyu kabla hajaamua kunywa alichokunywa.

Kwetu hana nafasi hata akileta ushahidi wa gunia zima. Kongo anaingia kwenye orodha mara mbili, kwa kubakwa na kwa afya. Kenya anaingia kama mhudumu ataandika kwamba afya yake iko hatarini. Rwanda anaingia kwa kubakwa, na kama hajafika miaka 18, kwa utoto wake. Lakini kuingia kwenye orodha ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Akiambiwa alete hati ya polisi, itabidi amshtaki shemeji yake akiwa bado anakula chakula chake na kulala chini ya bati lake.

Rwanda walishapitia hapo. Sheria yao ya 2012 iliruhusu aliyebakwa, ila kwa amri ya mahakama, na madaktari wawili juu yake. Mahakama ina foleni yake na mimba ina kalenda yake. Waliofanikiwa kuipata amri walikuwa wachache mno, huku magereza yakiwa na wasichana waliofungwa kwa kutoa wenyewe. Mwaka 2018 wakaiondoa mahakama. Agizo la 2019 likaongeza sentensi ambayo ningependa ibandikwe ukutani kwa Waziri wetu: anayeomba hatakiwi kuleta ushahidi wa sababu anayoieleza. Neno lake linatosha. Akija kuthibitika alidanganya, sheria ina adhabu yake baadaye, lakini huduma haisubiri.

Mwezi Aprili mwaka huo huo Rais Kagame aliwasamehe wanawake na wasichana 367 waliofungwa kwa kutoa mimba, kushiriki kutoa, au kuua vichanga. Mwaka 2020 akasamehe 50 wengine. Nimeandika namba hizo kwa furaha na kwa uchungu, kwa sababu msamaha maana yake ni kwamba kuna waliokuwa ndani, na anayetoa nje ya orodha bado anafungwa mwaka 1 hadi 3.

Anayefika akivuja damu

Hili halina nchi. Kote kunne, kumtibu mwanamke ambaye mimba imeshaharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, si kosa. Kwetu wizara inayo huduma hii rasmi, vifaa vyake vipo na wauguzi wamefunzwa. Sheria haisemi popote kwamba asitibiwe mpaka PF3 ije. Kama unasoma hapa na kuna mtu nyumbani anavuja damu, ana homa au maji yanayonuka, mpeleke hospitali sasa hivi, na mwambie muuguzi ukweli wa alichotumia ili ajue anatibu nini.

Kenya imetuonyesha kinachotokea huduma hii ikiyumba. Mwaka 2012 wizara yao ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama. Desemba 2013 ukaondolewa, na miezi miwili baadaye wahudumu wakakatazwa hata kufundishwa. Ndipo ikatokea habari ya binti anayejulikana mahakamani kwa herufi JMM. Alibakwa, akatolewa mimba na mtu asiye na ujuzi, akahamishwa kituo hadi kituo akitafuta wa kumtibu, figo zikafa. Alifariki Juni 2018. Mwaka mmoja baadaye majaji watano walisema kuuondoa mwongozo kulikuwa kinyume cha Katiba, wakaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3 za Kenya.

Na Kilifi, mwaka 2019, polisi waliingia kliniki wakamchukua msichana aliyekuwa anatibiwa baada ya mimba kuharibika, na mhudumu wake naye wakamkamata. Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliamua Machi 2022 kwamba kukamatwa kwao hakukuwa halali na kwamba huduma ya utoaji mimba ni haki ndani ya mipaka ya Katiba. Hukumu ikakatiwa rufaa. Huo ndio ugonjwa wa njia ya Kenya: Katiba inaruhusu, Kanuni ya Adhabu vifungu vya 158 hadi 160 bado inafunga miaka 14, 7 na 3, maneno karibu yale yale ya kwetu, na kila mgogoro kati ya hizo mbili unalipiwa na mtu mmoja kitandani mpaka majaji waamue. Kinachopatikana kwa hukumu moja kinaweza kuondolewa na nyingine.

Mwongozo wa wizara nao ni hivyo hivyo. Kinachowekwa kwa saini ya mkurugenzi kinafutwa kwa saini ya mkurugenzi. Kongo wako salama kidogo kwa sababu kilichochapishwa gazetini ni mkataba wenye nguvu kuliko sheria, na mwongozo wao wa afya umejengwa juu yake. Udhaifu wao ni mwingine: Kanuni ya Adhabu imeachwa vile vile, na muuguzi wa Fizi au Walikale, huko mashariki ya nchi, anayesikia habari za kufungwa miaka 15 hatajua kwamba Kinshasa kuna gazeti lililobadilisha mambo, tena la Kifaransa.

Kwa hiyo uchague nini

Inategemea unaamini nini, na sitajifanya sote tunaamini kimoja.

Kama imani yako ni kwamba mimba isiguswe ila mama akiwa anakufa, baki na sheria yetu, lakini isaidie ifanye kazi unayoitaka. Omba kifungu cha 230 kiseme matibabu badala ya upasuaji, na kitaje muuguzi. Omba waraka wa wizara na polisi kwa pamoja, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, unaosema anayevuja damu atibiwe kwanza na asiulizwe PF3. Hayo hayaongezi utoaji mimba hata mmoja. Yanapunguza maiti.

Kama unataka aliyebakwa na mtoto waingie, iga Rwanda, ila anzia 2018 yao. Usikubali hatua ya mahakama hata ukiambiwa ni ya muda. Rwanda ilikaa nayo miaka 6.

Kama unatafuta njia fupi, Kongo inavutia, na hapa lazima niseme wazi kwamba haiwezekani kwetu kama ilivyo. Katiba yetu haina ibara kama ile ya 215. Tunachoweza kuchukua kwao ni wazo: ahadi tumeshaiweka tangu 2007, hatuombi jambo jipya. Bunge linatakiwa kuitungia sheria ahadi ambayo lenyewe liliiridhia. Mbunge anaweza kusimama na hoja hiyo bila kuitwa mtetezi wa umalaya.

Kama unaiamini mahakama, njia ya Kenya ipo, na wanasheria wetu wanaweza kuifuata. Ila kumbuka Wakenya walianza na Katiba mpya iliyopigiwa kura Agosti 2010 huku makanisa makubwa yakiipinga kwa sababu ya ibara hii hii. Sisi hatuna hata nusu ya ibara hiyo.

Pendekezo langu kwa kikundi lilikuwa la kuchanganya: orodha ya Maputo iingizwe kwenye sheria yetu wenyewe, pamoja na neno la Rwanda kuhusu mtoto, ruhusa itolewe na mhudumu aliyefunzwa kama Kenya, mkunga akiwemo, ushahidi uwe neno la mwanamke kama agizo la Rwanda, na vifungu vya 150 hadi 152 virekebishwe siku hiyo hiyo, visiachwe nyuma vikiwinda watu kama vilivyoachwa Kenya na Kongo. Kikomo cha wiki tulishindwa kukubaliana. Tuliandika kwamba tumeshindwa, tukaomba madaktari na viongozi wa dini waitwe.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Kumi na mmoja walikubali, wanne walikataa. Miongoni mwa wanne ni mama mmoja wa kwaya, rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye aliniambia mbele ya wote kwamba orodha hiyo hawezi kuisaini na nisimwombe tena. Sikumwomba. Karatasi ilipokuwa inazunguka akaisoma yote, akaifikisha kwenye aya ya mwisho, ile ya anayevuja damu na PF3, akauliza kama anaweza kuweka saini yake pembeni ya aya hiyo tu. Nikampa kalamu.